Kichwa Kilichowekwa Rehani

Bi Chanuo alikuwa amefika mstari wa nne.

Kitana cha mkia kilikuwa kimeshagawa njia kutoka kwenye paji hadi kisogoni, vidole vimeshashika vile vishungi vitatu vya kuanzia, na kichwa cha Karani kimeinamishwa, kidevu kifuani, kama cha mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha mwenyewe. Hapo ndipo mlango uliposukumwa. Na hapo ndipo mimi na wewe tulipoachana Jumamosi iliyopita.

Aliyeingia alikuwa Mama Vioo.

Ndiyo, yuleyule. Mwenye saluni ya ng'ambo ya barabara, yenye vioo kuanzia sakafuni hadi darini, ambayo humu kwa Bi Chanuo haitajwi jina. Husemwa tu "kule". Mkononi alishika kitambaa cha kichwa, cha kijani chenye maua meupe, kimekunjwa vizuri kama nguo ya dukani.

"Dada Karani," akasema kwa upole, "ulikisahau kwetu."

Vidole vya Bi Chanuo vikasimama.

Kwa aliyejiunga nasi leo, mambo yenyewe ni machache. Karani ni karani kweli, wa masijala, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu ambaye kutwa hutafuta mafaili ya watu wengine. Bi Chanuo amemsuka kwa miaka kumi na moja, na si msusi wake tu. Ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Tangu mazishi, ndugu wa mume wamepungua mmoja mmoja kama meno ya kitana cha zamani, na aliyebaki kumwita Karani "wifi" ni huyu peke yake.

Sasa nywele za Karani zinakatika. Pembeni mwa paji, kulia na kushoto, ngozi imebaki inang'aa. Muuguzi wa kliniki ya ngozi alimwambia bila kuzunguka: zikivutwa tena mwaka huu, hazitaota maisha. Kwa hiyo ama amwache msusi, ama aachwe na nywele. Na Karani, badala ya kusema neno, Jumatano alivuka barabara kwa siri.

Siri yenyewe sasa ilikuwa imekunjwa mkononi mwa Mama Vioo.

"Inuka basi uende zako," utasema wewe. Taratibu. Huijui saluni hii inavyofanya kazi.

Mteja akiingia kwa Bi Chanuo, hata kama vichwa viwili vimemtangulia, hukalishwa papo hapo. Husukwa mistari miwili au mitatu ya mbele, haraka haraka, kisha huachwa, na Bi Chanuo hurudi kwa yule wa kwanza. Mteja huyo haendi tena popote. Atatokaje barabarani, mistari mitatu mbele na nyuma nywele zimesimama wima kama jogoo anayepigana? Akikimbilia kwa msusi mwingine, hapokelewi, maana miiko ya kazi yao haimruhusu mtu kumalizia kichwa alichoanza mwenzake. Wateja wenyewe wameupa utaratibu huo jina. Wanauita kuwekwa rehani.

Leo Karani alikuja kusema, si kusuka. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi. Kabla hajafika neno la pili, alikuwa na mistari mitatu.

"Kitambaa hicho," Bi Chanuo akasema polepole, "nilimpa mimi."

Akakipokea. Akakipeleka puani.

"Kule mnawapaka nini siku hizi? Manukato ya gari?"

"Wifi, nilipita tu," Karani akasema chini ya kidevu chake mwenyewe.

"Ulipita."

"Nilikuwa nakwenda duka la dawa."

"Duka la dawa liko upande huu."

Kutoka chini ya drayer ya kukaushia nywele kikatoka kicheko. Huyo alikuwa Mama Foleni, mteja wa siku nyingi, aliyekuwa rehani tangu saa nne asubuhi, na sasa ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Drayer yenyewe haikuwaka. Alikaa chini yake kwa sababu kiti kile ndicho pekee chenye mto.

"Karani, nyamaza tu mwanangu," akasema. "Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako haikufika hata mlangoni."

"Sikumsuka, fundi," Mama Vioo akasema. "Nataka ujue hilo. Sikumgusa hata unywele."

"Alikuja kwako kutalii?"

"Alikuja kusukwa. Nikakataa."

Mama Foleni akatoa kichwa nje ya drayer. Hata Bi Chanuo akasahau hasira kidogo. Msusi kukataa kichwa ni kama mvuvi kurudisha samaki majini.

"Ukakataa?"

"Nilimwonyesha kwenye kioo. Hapa, na hapa." Mama Vioo akagusa pembe za paji lake mwenyewe. "Nikamwambia hizi si za kusuka, ni za kupumzisha. Miezi sita. Aoshwe, apakwe mafuta, basi. Akaduwaa, akainuka, kitambaa akakiacha kitini. Leo nachungulia dirishani mwangu, namwona yuko kwako anavutwa. Nikasema hapana, hili siwezi kulinyamazia."

"Umevuka barabara kuja kunifundisha kazi mlangoni kwangu?"

"Sikufundishi. Barabara hii yote hakuna mwenye mstari ulionyooka kama wako, nami nasema hivyo hata usipokuwepo. Lakini mkono wako ni mzito."

"Mzito!"

"Mzito, fundi."

"Miaka kumi na moja namsuka huyu. Hajawahi kulalamika hata siku moja."

"Muulize basi. Si huyo hapo?"

Kiti cha Karani kilikuwa cha kuzunguka zamani, kabla hakijaingia kutu na kuamua kutazama upande mmoja. Kwa hiyo ikabidi Bi Chanuo azunguke yeye, kitana mkononi, hadi akasimama mbele. Akamwinua kidevu kwa kidole kimoja.

"Wifi, niangalie. Ninakuumiza?"

Msomaji, jibu lilikuwepo. Karani alilifanyia mazoezi bafuni wiki tatu mfululizo, bomba likiwa wazi ili watoto wasisikie. Alilisema kwa ukali, akalisema kwa utani, akalisema kwa machozi. Sasa swali lenyewe limekuja kwa miguu yake, limesimama mbele yake, na shahidi yupo.

Akafungua mdomo.

"Hapana, wifi," akasema. "Ni sawa tu."

Mama Foleni akarudisha kichwa ndani ya drayer, kama mtu afungaye dirisha.

Mama Vioo alimtazama Karani kwa muda, bila dharau. Kisha akashusha pumzi.

"Mdomo ni mali ya mwenyewe," akasema. Akageuka. Alipofika mlangoni, mkono kwenye kitasa, akaongeza bila kumtazama mtu, "Haya. Kesho saa mbili, basi."

Mlango ukafungwa.

Karani akaganda. Kesho saa mbili ya nini? Hawakupanga lolote! Akangoja wifi yake alipuke, amwambie, kumbe mmeshawekeana na miadi. Bi Chanuo hakusema kitu. Alirudi nyuma ya kiti, akashika vile vishungi vitatu, akaendelea.

Hilo lingepaswa kumshtua Karani, maana Bi Chanuo si mtu wa kuacha neno la mwisho liondoke na mwingine. Lakini aliyechoka hashtuki haraka.

Mstari wa nne ukaenda kisogoni. Unajua maumivu yale? Hayapigi kelele. Hukusanya ngozi ya kichwa kidogo kidogo kama shuka inayokunjwa, mpaka nyusi zinapanda, mpaka macho yanapata sura ya mshangao ambao mwenyewe hana.

"Ukimaliza huo asipige chafya," Mama Foleni akatoa ushauri. "Atafunguka."

Hakuna aliyecheka.

Karani akatazama mbele, kwenye kioo chenye ufa, akaona yale yale ya siku zote. Ndoo ya maji baridi ya kuoshea, maana bomba lilikatika tangu mwaka juzi na fundi bomba yuko njiani mpaka leo. Kitambaa cha kufutia shingo kilichofutia shingo ngapi leo, hakuna ajuaye. Viti viwili vitupu vya wasusi wawili walioondoka, mmoja baada ya mwingine, wakavuka barabara. Redio iliyoshika stesheni mbili kwa pamoja, taarifa ya habari na mahubiri, hata usijue nani kajiuzulu na nani kaokoka.

Kila akitoka hapa huapa hatarudi. Kila baada ya miezi miwili au mitatu hurudi.

Kwa nini? Si kwa sababu ya nywele. Kwa sababu katikati ya mstari wa kumi hivi, Bi Chanuo akishachoka kusengenya, humkumbuka kaka yake. Husema, "Alikuwa akicheka kwanza, halafu ndio anasimulia, unakumbuka?" Na Karani hukumbuka. Watoto walikuwa wadogo mno, hawakumbuki. Kwingine kote duniani hakuna wa kumwambia unakumbuka.

Hicho ndicho alichokuwa anakipima. Upande mmoja paji la uso, upande mwingine kicheko cha mtu aliyekwisha kufa. Wewe mwenyewe ungefanyaje? Mimi sijui. Ndiyo maana simhukumu.

Njia ya mstari wa tano ikagawanywa. Huu ndio uliokuwa ukipita pembeni kabisa, juu ya sikio, pale pale penye kung'aa. Vidole vikatafuta nywele za kuanzia, vikakosa, vikarudi, vikashika chache zilizobaki. Vikavuta.

Chozi likatoka lenyewe.

"Wifi," Karani akasema. Sauti ilitoka ndogo, ikamshangaza mwenyewe. "Kwa nini unakaza hivi?"

"Hivi vipi?"

"Hivi. Sana."

"Si wewe uliyesema?"

"Mimi?"

"Kwani nani?"

"Nilisema lini?"

"Siku ya kwanza." Bi Chanuo hakuacha kusuka. "Mwaka ule wa kaka hospitalini. Ulikuja umevaa kandambili, moja yako, moja yake. Ukakaa hapo hapo. Nikakuuliza, wifi, nifanyeje? Ukaniambia, kaza, wifi. Kaza kabisa, zikae miezi mitatu, maana sitapata nafasi ya kurudi. Nikakaza."

Karani akaitazama miguu yake.

"Ulipokuja tena, nikakuuliza, nifanyeje? Ukasema, kama kawaida. Nikakaza. Ukaja tena. Kama kawaida. Miaka kumi na moja nakuuliza, wifi, kila ukikaa, nakuuliza nifanyeje, unasema kama kawaida. Sasa kawaida yako ni ipi, kama si hiyo?"

Mama Foleni akatoa tena kichwa nje ya drayer ili asikie. Hata redio, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ilishika stesheni moja.

Ilikuwa kweli. Karani alijaribu kutafuta siku moja aliyosema vinginevyo, akapekua kama anavyopekua mafaili, mwaka baada ya mwaka, na kila jalada alilofungua lilikuwa na neno moja tu. Kama kawaida. Alidhani maana yake ni usihangaike. Alidhani ni adabu. Kumbe alikuwa anatoa amri, na amri ilikuwa inatiiwa na mtu ambaye kila mara, baada yake, alikwenda kuloweka vidole kwenye maji ya chumvi. Maana kukaza huko huumiza pande mbili.

"Nilidhani ndiyo kazi yako ilivyo," akasema.

"Nilidhani ndivyo unavyopenda," akajibiwa.

"Na mimi nilidhani nitasukwa leo," Mama Foleni akasema, "kwa hiyo wote watatu tumekosea."

Hapo Bi Chanuo alicheka kidogo, kwa pua. Karani naye akataka kucheka, lakini ngozi ya uso ilikuwa imevutwa mno, ikamrudishia kicheko kabla hakijafika.

Na labda ni kile kicheko kilichoshindikana kilichomfanya aseme.

"Fumua, wifi."

"Nini?"

"Fumua. Yote."

Basi jambo limekwisha, utasema, mwanamke kapata ulimi. Lakini neno hutoka na maana moja, likaingia na nyingine. Karani alisema fumua, akimaanisha naumia. Bi Chanuo alisikia fumua, naondoka.

Akatua kitana juu ya meza. Akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Nikufumue uende kule."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Wewe husemi. Unasahau vitambaa."

"Wifi—"

"Hapana, ngoja. Unajua kwa nini naweka watu rehani?" Ndiyo, alilijua jina lile. Mama Foleni akakohoa, maana yeye ndiye aliyelitunga. "Mnadhani sisikii? Mnacheka, Bi Chanuo ana tamaa, anashika vichwa vitatu kwa mpigo. Wale wasusi wangu wawili walipoondoka, nilikuwa nikimwambia mteja, kaa, nakuja sasa hivi. Anakaa. Anatazama saa. Anatazama ndoo. Anasema, nafika hapo nje mara moja. Harudi. Wa pili, hivyo hivyo. Kila niliyemwachia kichwa wazi, aliondoka nacho. Ndipo nikaanza kuweka mistari miwili. Wakakaa."

Akavuta pumzi.

"Wanakaa wamenuna, lakini wanakaa."

Karani alitaka kusema pole. Alilikuta limekaa vibaya mdomoni, akaliacha.

"Fumua tu, wifi," akasema tena, taratibu. "Kichwa kinauma. Sina maana nyingine. Kinauma."

Lilikuwa neno dogo mno kwa miaka kumi na moja. Bi Chanuo alisimama akilisikiliza, kama mtu aliyeambiwa jina la jirani ambaye kila siku alikuwa akimsalimia kwa jina lisilo lake.

Kisha akaketi kwenye kigoda, akachukua kitana, akaanza kufumua mstari wa tano kwa ncha ya mkia.

Kufumua msuko wa Bi Chanuo si kazi ya kukimbilia. Ulisukwa usifumuke. Kila pindo lilitaka kutafutwa, kuchokonolewa, kubembelezwa. Ukivuta, na nywele inakuja. Alikwenda polepole kuliko Karani alivyowahi kumwona. Kila unywele uliotoka na mzizi wake aliuweka juu ya goti, juu ya aproni nyeusi, na baada ya robo saa zilikuwepo kumi na saba. Alivitazama vile vijinywele. 

"Jamani," Mama Foleni akasema hatimaye, "mimi sipendi kuingilia mambo ya ukoo. Lakini hiki kichwa changu ni nusu, na jua linatua."

"Kesho, mama," Bi Chanuo akasema.

"Kesho!"

"Kesho wewe ndiye wa kwanza."

"Nimeingia humu kijana, natoka mzee, na nywele bado nusu." Akajifunga mtandio mpaka kwenye nyusi, akachukua mkoba. Alipompita Karani alimgusa bega. "Mwanangu, mimi nimezaa watoto saba. Ile 'ni sawa tu' yako ya leo, hata mkunga asingeipata kwangu."

Akatoka akiburuta ndala.

Wakabaki wawili. Mstari wa tano ulikuwa umefumuka. Wa nne ukaanza. Nje, mlinzi wa jengo alipiga geti kwa rungu, mara mbili. Hiyo maana yake dakika kumi, kisha anafunga, na mwenye kubaki ndani atajua mwenyewe.

"Yule hakuja kwa sababu ya kitambaa," Bi Chanuo akasema.

"Nani?"

"Yule wa kule. Kitambaa angekutumia ofisini. Alikuja kunitazama nikiwa kazini." Ncha ya kitana ikachokonoa pindo, ikapata, ikafungua. "Na ile saa mbili ya kesho si yako. Ni yangu."

"Yako?"

"Ameniita nikasuke kwake."

Karani akageuza kichwa ghafla, mstari ukavutika, wote wawili wakasema "Aa!" kwa pamoja.

"Tulia! Kiti changu mwenyewe, kasema. Kioo kisicho na ufa. Maji ya bomba, wifi, ya moto. Mwezi mzima sasa ananingoja nimjibu. Jana akasema, kesho kutwa saa mbili ni mwisho. Kesho kutwa ya jana ndiyo kesho."

Mwezi mzima! Karani alihesabu. Wiki tatu alikuwa hapati usingizi, akigeuka kitandani, akitafuta njia ya kuiacha saluni hii bila kumvunja moyo mwenye saluni. Na mwenye saluni mwenyewe alikuwa amemtangulia wiki nzima kuiacha.

"Na wewe umeichoka?"

"Kuliko wewe. Wewe unakuja mara nne au tano kwa mwaka." Bi Chanuo akatazama ndoo, viti vitupu, redio. "Mimi ndiye ninayefungua mlango huu kila asubuhi."

"Sasa si uende, wifi? Unangoja nini?"

Mstari wa nne ukafika mwisho. Nywele zikaachia, zikakaa kando ya shingo, zimejikunja kwa uchovu kama watu walioshuka kwenye safari ndefu. Bi Chanuo alizinyoosha kwa kiganja.

"Ana sharti."

"Lipi?"

"Hataki mikono mitupu. Anataka niende na vichwa vitano, wateja wa kudumu. Amevihesabu dirishani, anajua ninavyo vingapi." Akahesabu kwa vidole. "Ninavyo vinne. Wa nne ndiye huyo aliyetoka sasa hivi."

Geti likapigwa mara moja. Dakika tano.

Karani hakuuliza wa tano ni nani. Alijiona kwenye kioo, na katikati yake ule ufa.

"Lakini mimi sisukwi," akasema polepole. "Kasema mwenyewe. Miezi sita."

"Kichwa ni kichwa, hata cha kuoshwa. Kila wiki mbili unaoshwa, unapakwa mafuta. Kwenye kiti changu." Akameza mate. "Kwa mkono wangu."

Mkono ule ule. Karani alikuwa amevuka barabara kuukimbia, na sasa aliombwa avuke nao. Akikubali, paji lake litabaki mikononi mwa mtu aliyelimaliza, kwa kujua au kwa kutokujua. Akikataa, wifi yake atafungua mlango huu kesho, na kesho kutwa, na ndoo ile ile, mpaka vichwa vinne viwe vitatu.

"Unaweza kulegea?" akauliza. "Mkono wako."

Bi Chanuo aliuinua mkono wa kulia, akautazama mbele na nyuma, kama mtu anayesoma barua isiyo yake. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na sugu ngumu, nyeupe, mahali uzi na nywele hupita.

"Sijui," akasema. "Hakuna aliyewahi kuuomba."

Akainuka. Akazima redio. Mistari mitatu ya mbele ilikuwa bado kichwani kwa Karani, imekaza, imenyooka kama ilivyopigwa kwa rula.

"Mwanga hautoshi, na hii nikiiharakisha nitakukata. Tutaimalizia kesho. Njoo saa moja na nusu, kabla yule hajafungua."

"Wifi..."

Karani alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Bi Chanuo akamwekea kiganja begani, bila kukaza.

"Usinijibu leo. Ukinijibu leo utasema ndiyo. Na ndiyo yako, wifi, mimi siiamini tena."